Psion ya mzee wa mbao

Jana dogo mmoja kaniletea Psion Series 3a, ile kompyuta ndogo ya mfukoni ya zamani, betri zote tatu kazitia kwenye kifuko cha karanga, uso unang'aa. "Nimezitoa kabisa kaka, isije ikapiga shoti." Nikamwambia akae. Basi kaeni na ninyi wengine.

1. Kwenye 3a, ulichoandika kinakaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu inayoishi kwa umeme. AA mbili ndizo zinazoendesha mashine. Kile kidonge cha CR1620, betri ndogo ya duara, kinashikilia kumbukumbu wakati unabadilisha AA. Ukitoa vyote, umefuta.

Najua kwa sababu nilifanya hivyo. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao aliniletea ya kwake, bawaba imepasuka, kioo kinalegea kama jino bovu. Hakuwa na tatizo jingine lolote. Mimi, bisibisi mpya mkononi, nikachomoa AA, nikachomoa na kidonge, nikavipanga mezani kwa mstari kama daktari wa upasuaji. Bawaba niliitengeneza vizuri mno, hadi leo najivunia ile gundi. Nikarudisha betri, mashine ikawaka, nikamkabidhi mzee huku natabasamu.

Akafungua Data, programu ya orodha. Tupu. Akafungua Agenda, ile ya ratiba. Tupu. Akaifunga mashine taratibu, akaifungua tena, kama mtu anayerudi kutazama mfuko uleule alioukagua. Kumbe humo ndimo ilimokuwa orodha ya watu aliowakopesha mbao, ya miaka mingi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliomba kalamu na karatasi, akaanza kuandika majina kwa kukumbuka. Alifika kumi na moja, akakwama, akabaki anaitazama dari ya kibanda changu. Pesa ya kazi alilipa. Niliikataa, akaiacha mezani.

Na waya wa 3-Link, ule wa kuunganisha Psion na kompyuta, ulikuwa kwenye droo yangu, sentimita thelathini kutoka goti langu. Dakika chache tu ningeshanakili kila kitu kwenye kompyuta.

2. Kwa hiyo nakili kwanza. Halafu pima kidonge kwa mita. Kipya ni volti 3.

3. Betri ya alkali ikivuja: siki kwenye pamba, kisha spiriti, kisha subira. Si sandpepa, jamani! Ukikwangua ule mng'ao wa juu wa vile vyuma vya betri, kutu inarudi na ndugu zake.

4. Adapta: pima volti na upande wa chanya kabla ya kuchomeka. Mashine kadhaa za Kijapani za enzi hizo hasi iko katikati ya plagi. Kuna Sharp mbili kwenye sanduku langu la spea zilizofika huko kwa njia hiyo, moja ni yangu.

5. Kioo chenye doa jeusi usikibonyeze. Doa halifutiki, linatanuka. Tafuta mashine mbovu nyingine uichinje upate kioo.

6. Mnaonunua CE-150, printa ya kompyuta ya mfukoni ya Sharp, kwa sababu ya zile kalamu nne za rangi: ndani kuna betri za NiCd, zile za kuchaji, na kwa uzee huvuja. Zitoe siku hiyohiyo, ushangilie baadaye. Kalamu zitakuwa zimekauka, hilo litegemee.

Kidonge cha dogo wa jana kilisoma volti 1.9. Nikamuuliza dogo: mwenye mashine alikuwa na nini ndani? Akasema atampigia aulize. Tangu saa kumi jana simu yake haipokelewi.