Masuali na Majibu: Lenzi tatu za ukoo mmoja

Masuali ya lenzi za kupigia video yamejaa tena, na mengi yamekuja kwa mtindo ule ule: "Lenzi gani nzuri?" Suali hilo halijibiki. Anayeuliza ataje kamera yake, ukubwa wa sensa, anachopiga na fedha aliyonayo. Yafuatayo yamekamilika, pamoja na mawili matatu yasiyokamilika ambayo kosa lake linahitaji kuonywa.

Fuoni: Napiga harusi kwa kamera ya fulu fremu na lenzi ya 24–70. Nataka seti ya lenzi za praimu, zisizo na zumu. Ninunue ngapi, na zipi?

Tatu: 35, 85 na 24 (hizo ni milimita za urefu wa fokasi; namba ikiwa kubwa, picha inasogea karibu), na uzinunue kwa mpango huo huo. Ya 35 itafanya kazi nyingi kuliko nyengine zote. Ya 85 inakuja pili kwa ajili ya nyuso, mikono yenye hina, na pale ambapo huwezi kumsogelea bi harusi. Ya 24 ni ya vyumba vidogo na vichochoro. Ya 50 usiikimbilie kwa sababu tu ni rahisi. Ukiwa na 35, piga hatua mbili mbele na umepata kinachokaribia kabisa.

Usikisie, fanya hesabu. Upana unaoingia kwenye fremu ni upana wa sensa mara umbali, gawa kwa urefu wa fokasi. Sensa ya fulu fremu ina upana wa milimita 36. Umeegemea ukuta wa kichochoro Mji Mkongwe, mtu amekaa barazani mita 2 mbele yako. Kwa 35 unapata upana wa kama mita 2 na kimo cha mita 1.15 katika fremu ya 16:9: mtu aliyekaa, bila miguu. Kwa 24 unapata mita 3 kwa mita 1.7, yaani mtu, baraza na sehemu nzuri ya mlango. Kwa 85 unapata sentimita 85 kwa 48: uso na mabega. Tofauti iko wazi, na hakuna lenzi inayoingilia kazi ya mwenzake. Wenye sensa ndogo zaidi ya APS-C wagawe namba hizo kwa 1.5: 16, 24 (au 23) na 56.

Na zote tatu ziwe za ukoo mmoja. Ukichanganya ya kampuni hii na ya ile, moja inaelekea manjano, nyengine kijani, na ngozi ya mtu mmoja inabadilika rangi kila unapokata shoti. Unaweza kurekebisha baadaye, lakini kwa harusi ya muda wa saa sita utarekebisha mpaka lini? Kabla ya kulipa, angalia pia kipenyo cha mdomo wa filta. Lenzi tatu za mdomo mmoja zinatumia ND moja, yaani filta ya kupunguza mwanga. Midomo ikitofautiana, nunua filta za ile kubwa kuliko zote, na pete za kuongezea kwa zilizobaki.

Mombasa Kwa Mchina: Nimeona 50 f/1.2 iliyotumika. Niuze lenzi zangu mbili niichukue?

Usiuze.

Hili la kufukuzia f/1.2 na f/1.4, yaani tundu kubwa la lenzi (namba ikishuka, tundu linapanuka), limeharibu kazi nyingi, kwa hiyo tulizungumze hadi liishe. Chukua 85 kwenye fulu fremu, mtu yuko mita 2. Kwa f/1.4, kina cha ukali, yaani nafasi ya mbele hadi nyuma inayoonekana kali, hakifiki sentimita 5. Jicho likiwa kali, sikio na hereni zimeshapotea, na bi harusi akiinamisha kichwa kidogo tu, hata jicho halipo tena. Kwa f/2.8 unapata kama sentimita 9, kwa f/4 kama sentimita 13. Hapo uso mzima umeshikika, mkufu unaonekana, na nyuma bado pamelainika vya kutosha. Familia imelipia dhahabu ile na nguo ile. Haikulipia ukungu.

Tena lenzi nyingi zikifunguliwa kabisa hupoteza ukali pembeni, na kingo za vitu vyeupe dhidi ya giza hutoa mstari wa zambarau au kijani. Kanzu na shela ndipo mstari huo unapoonekana zaidi. Uwazi wa f/2 au f/1.8 unatosha kwa kazi za hapa. Fedha inayobaki inunue taa mbili za LED zenye kitambaa cha kulainisha mwanga. Ukumbi wenye giza unatibiwa kwa taa.

Jambiani: Nikipiga akina mama wa mwani mchana, picha inaungua. Nikipandisha shata, mwendo unakuwa wa kukatika-katika. Lenzi yangu ina kasoro?

Lenzi yako haina kosa. Huna ND, au unayo isiyotosha.

Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata ni 1/50 ya sekunde na inabaki hapo. Kamera nyingi kwenye logi (mtindo wa kurekodi picha iliyofifia ili rangi zirekebishwe baadaye) zinaanzia ISO 800, yaani usikivu wa mwanga, au karibu yake. Kwa jua la saa sita, ISO 800 inataka f/16 kwa shata ya 1/800. Ukishusha shata hadi 1/50 umeongeza stopu 4 za mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili), na ukifungua hadi f/4 umeongeza 4 nyengine. Jumla stopu 8, na kila stopu ni 0.3 ya ND, kwa hiyo unahitaji ND 2.4. Mchanga mweupe na maji yaliyokupwa vinarudisha mwanga, ongeza stopu moja. Sasa mwenye ND ya stopu 3 anashangaa nini?

ND ya kuzungusha inafaa, lakini ijue tabia yake. Ni polaraiza mbili, filta za kukata mng'ao, zilizobebana. Ukiifikisha mwisho wake kwenye lenzi pana, msalaba mweusi unakatiza fremu. Ukigeuza kamera kufuata mtu, anga linabadilika rangi upande mmoja, na mng'ao wa maji unakuja na kupotea. Kwa 24 tumia ND ya kawaida isiyozunguka. Kwa 35 na 85 ya kuzungusha haina tabu kubwa, mradi usivuke alama ya mwisho.

Na hili hukuuliza, lakini litakupata. ND nzito ya bei ndogo inazuia mwanga tunaouona na kuachia infraredi ipite. Matokeo yake buibui jeusi linatoka la kahawia, pengine la zambarau, na si kila buibui: nyuzi za kutengenezwa kiwandani ndizo zinazoumbuka zaidi. Kabla ya kazi, tundika buibui juani, lipige bila filta, kisha ulipige na filta. Likibadilika rangi, tafuta ND inayozuia na infraredi. Kwenye kompyuta kosa hilo halirekebishiki vizuri, kwa sababu ukilivuta buibui liwe jeusi, ngozi nayo inafuata.

Zumu au praimu?

Kama unapiga peke yako na tukio halikusubiri, zumu. Suali hili lisirudi.

Wete: Nimepata lenzi za zamani za Nikon za fokasi ya mkono. Zitafaa kwenye kamera ya Sony? Nataka kupiga filamu ya msimu wa karafuu.

Zitafaa sana, na ndiyo njia ya fedha ndogo inayoheshimika kuliko zote. Tafuta za mfumo wa AI au AI-S. Mfumo wa AI ulianza mwaka 1977. Seti ya 24 f/2.8, 35 f/2 na 105 f/2.5 ina mdomo mmoja wa milimita 52, hivyo filta ni seti moja, nazo ni ndogo na rahisi. Ukiona 105 ni ndefu mno kwa banda la kuanikia, 85 f/2 ina mdomo huo huo. Zile zilizoandikwa G uziepuke: hazina pete ya kurekebisha tundu, na kwa adapta ya kawaida utaishiwa namna ya kuliongoza.

Adapta ndiyo inayowaponza watu. Kifungio cha lenzi cha Nikon F kinakaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa, cha Sony E milimita 18. Adapta ni bomba tupu la kujaza milimita 28.5 zilizobaki, halina kioo ndani. Likiwa nene kupita kiasi, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, lenzi haifiki fokasi ya mbali kabisa: jahazi kwenye upeo wa macho halitakuwa kali hata ufanyeje. Likiwa jembamba, unafika mbali kabla ya alama, na namba za umbali kwenye lenzi zinakuwa uongo. Jembamba kidogo ni afadhali. Nunua moja nzuri, na ikiwezekana moja kwa kila lenzi, ibaki hapo hapo. Adapta inayocheza inatikisa picha kila unapogusa fokasi.

Mambo mawili mengine. Pete ya fokasi ya Nikon inazunguka kinyume na ya lenzi nyingi, kwa hiyo usiichanganye seti hii na lenzi za Canon, mkono utakosea katikati ya shoti. Na pete ya tundu ina mibonyeo inayosikika kwenye sauti na kuonekana kwenye picha. Fundi anaweza kuitoa bila kuharibu kitu, kwa kuwa kinachobonyea ni kipande kidogo tu ndani ya pete. Hapo hapo avalishe pete za gia za moduli 0.8, ndizo zinazoingia kwenye vifaa vya kuvutia fokasi.

Helios 44-2?

58 f/2, nyuma inazunguka kama kimbunga, jua likiigusa picha yote inafifia. Kwa shoti moja ya ndoto, sawa. Seti haijengwi juu yake.

Chake Chake: Lenzi ya mtumba imeonekana na "utando" ndani. Muuzaji anasema ni vumbi.

Zima taa chumbani. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu hadi mwisho, ingiza mwanga wa tochi kwa nyuma ukiwa umeinamisha kidogo, kisha tazama kwa mbele. Usitazame tochi moja kwa moja, tazama vioo kwa mshazari. Nukta nukta ni vumbi, na vumbi kidogo halina madhara. Nyuzi zinazotawanyika kama mizizi, mara nyingi zikianzia ukingoni, ni fangasi. Weupe kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa mafuta, na huo hushusha ukolezi wa picha hasa ukipiga kuelekea mwanga. Rangi za upinde kwenye ukingo ni gundi ya vioo inayoachana: hiyo iache dukani.

Fangasi changa fundi anaisafisha. Iliyokwishakula rangi ya kinga ya kioo itaacha alama daima. Wengi wanaogopa itaambukiza lenzi nyengine, lakini mbegu zake zimo hewani kila pahala hapa visiwani. Kinachoziotesha ni unyevu na giza. Weka lenzi kwenye sanduku la plastiki lenye mpira wa kubana, pamoja na silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo, kisome asilimia 40 hadi 50. Usishushe chini ya hapo kwa muda mrefu, grisi ya fokasi inakauka. Silika ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba, ipashe moto kwa oveni kwenye nyuzi 120 mpaka rangi irudi. Mfuko wa ngozi uliokuja na lenzi utupe, ndio unaotunza unyevu. Na wakati wa masika zitoe lenzi uzitumie, hata kama huna kazi.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, usifungue begi nje mara moja. Liache limefungwa nusu saa au zaidi, lenzi zipate joto la nje taratibu. Mvuke unaoganda nje unafutika, unaoganda ndani ndio mwanzo wa fangasi.

Nungwi: Chumvi imekauka kwenye kioo cha mbele. Nifute kwa kitambaa gani?

Usifute kikavu kwa kitambaa chochote, chembe za chumvi zinakwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, kisha kitambaa laini kilicholowanishwa maji safi kidogo, uguse na kuinua bila kusugua, halafu dawa ya lenzi. Baharini kioo cha mbele kifunikwe na filta ya kinga wakati wote.

Mwanakwerekwe: Kikundi chetu cha watu sita kinatengeneza filamu fupi. Tununue lenzi za sinema au za picha za kawaida?

Kama mna mtu ambaye kazi yake ni kuvuta fokasi tu, za sinema. Pete yake ya fokasi inazunguka mbali, kwa hiyo kutoka mita 2 hadi mita 3 kuna nafasi ya kutosha ya kuweka alama. Gia ziko tayari, tundu halibonyei, na namba yake ni T, yaani mwanga unaopita kweli, si hesabu ya umbo la lenzi. Ukitoka lenzi moja kwenda nyengine kwa T2.8, mwanga unabaki ule ule. Samyang za T1.5 ni mlango wa kuingilia unaofahamika: 24, 35 na 50 zina mdomo wa milimita 77, na 85 ina 72, basi pete moja ya kuongezea inamaliza kazi.

Kama hamna mtu huyo, msijitie gharama. Ila mkichukua lenzi mpya za picha, jaribuni kwanza fokasi yake. Nyingi hazina muunganiko wa chuma: pete inaituma mota tu. Ukizungusha haraka fokasi inasogea sana, ukizungusha polepole inasogea kidogo, hata kama mkono umezunguka sawa sawa. Alama za fokasi hazishiki. Baadhi ya kamera zina chaguo la kuifanya ifuate mkono kwa kipimo kimoja. Likiwepo, liwasheni kabla ya zoezi la kwanza. Na vuteni fokasi kutoka karibu hadi mbali mkitazama kingo za fremu: zikitanuka na kubana sana, lenzi hiyo haifai kwa mazungumzo ambayo fokasi inahama kutoka kwa mtu hadi mtu.

Mkoani: Fedha yangu inatosha lenzi moja tu. Kamera ni APS-C.

23 au 24, f/2 au f/1.8. Zuia kidogo ya fedha hiyo kwa ND, silika jeli na sanduku.