Kupekuliwa usiku bila hati: hoja yako ina nguvu wapi, na inavuja wapi

Mkuu, umeuliza kama upekuzi wa chumba cha mdogo wako pale Ngaramtoni ulikuwa halali: askari wameingia saa tatu usiku bila hati ya upekuzi, wameondoka na simu, laptop na fedha taslimu, naye akasaini karatasi bila kuisoma. Kwa ulivyoeleza una hoja nzito, ila haitajishindia yenyewe.

Katiba ya Tanzania kwenye ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, familia, makazi na mawasiliano yake. Ibara ya 15 inakataza mtu kukamatwa nje ya utaratibu uliowekwa na sheria. Utaratibu wenyewe uko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Namba nitakazotaja ni za toleo la 2022, hivyo ukishika toleo la baadaye zihakiki kwanza.

Wengi wanaamini hati ya upekuzi lazima itoke kwa hakimu. Kwetu sivyo. Kifungu cha 38 kinampa mkuu wa kituo mamlaka ya kupekua mwenyewe au kumpa askari wake idhini ya maandishi. Akiitoa idhini hiyo, hakimu anapaswa kupelekewa taarifa mapema iwezekanavyo: idhini ilitolewa, kwa sababu gani, na kilipatikana nini. Iulizieni taarifa hiyo mahakamani, mawakili wengi wanaisahau. Kifungu cha 40 kinataka hati itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, isipokuwa mahakama imeruhusu muda mwingine. Kwa hiyo saa tatu usiku, hata hati ya mkuu wa kituo peke yake isingetosha.

Polisi watakimbilia kifungu cha 42, yaani upekuzi wa dharura. Hapo ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa. Kifungu hiki hakisemi askari akiwa na haraka aingie tu. Lazima awe na sababu za msingi za kuamini kuna kitu kinachohusiana na kosa, kwamba kitapotea au kuharibiwa akichelewa, na kwamba uzito na udharura wa jambo haumpi nafasi ya kufuata idhini. Swali la kumbana nalo shahidi ni moja: taarifa mliipata saa ngapi? Akisema mtoa habari alipiga simu saa nne asubuhi, dharura imekufa, maana walikuwa na mchana mzima wa kupita kwa mkuu wa kituo. Lakini angalieni pia nani aliongoza msafara. Kama mkuu wa kituo alikuwepo mwenyewe, hoja ya kukosa hati inapungua sana nguvu.

Kuhusu shahidi huru: mwenyekiti wa mtaa, balozi wa nyumba kumi au jirani anatakiwa awepo kabla mlango haujafunguliwa, aone kila kitu kinapotolewa. Aliyeitwa mwishoni ili asaini tu hajashuhudia upekuzi, na atakapoulizwa simu ilitoka kwenye droo au chini ya godoro atakwama. Mwenye nyumba anaweza pia kuomba askari wajipekue mbele ya shahidi kabla ya kuingia. Na mwanamke anapekuliwa mwili na mwanamke mwenzake tu, kwa staha (kifungu cha 26).

Sasa karatasi aliyosaini. Kifungu cha 38(3) kinadai risiti ya vitu vilivyochukuliwa, yenye saini ya mwenye mali au aliyekuwepo, na ya mashahidi kama wapo. Msijenge kesi yote juu ya kukosekana kwa risiti, maana Mahakama ya Rufani imewahi kukubali hati ya ukamataji mali (orodha ya vitu vilivyochukuliwa) iliyosainiwa ifanye kazi hiyo. Chunguzeni yaliyoandikwa ndani. "Simu moja nyeusi" haitambulishi kitu. Panatakiwa IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe (bonyeza *#06# kuiona), namba ya laptop, fedha kwa aina ya noti, na saa ya upekuzi. Anayesaini apige mstari kwenye nafasi tupu, na kama hakubaliani aandike hivyo kando ya saini yake. Kugombana mlangoni kunazaa kosa jingine, na halifutiki hata upekuzi ukionekana batili.

Baada ya kukamatwa anapaswa kuambiwa kosa lake, na ana haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayomwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, yachukuliwe ndani ya saa 4 tangu alipowekwa chini ya ulinzi, ukiondoa muda kama ule wa safari ya kwenda kituoni. Nyongeza isizidi saa 8, nayo ina utaratibu wake. Andikeni saa aliyokamatwa, maana maelezo yaliyochukuliwa kesho yake mchana bila nyongeza yanaweza kuondolewa. Kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Dhamana ya polisi hailipiwi. Akiendelea kushikiliwa kinyume cha sheria, wakili apeleke maombi Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 390. Kwa Arusha na kwa Moshi, Mahakama Kuu ina kanda zake hapohapo.

Kwa wanaokamatiwa nyara za serikali (wanyamapori au sehemu zao, kama nyama), kesi ambazo kanda yetu inazo nyingi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kifungu cha 106, inaruhusu upekuzi bila hati, ila nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati pasipo shahidi huru hata mmoja. Nyama ikiteketezwa kwa amri ya hakimu, mtuhumiwa lazima awe amepelekwa mbele yake na kusikilizwa. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hilo kwenye Rufaa ya Jinai Na. 385 ya mwaka 2017.

Mwisho, turudi kwenye Sura ya 20, kifungu cha 169. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria haufutiki wenyewe. Mahakama inapima uzito wa ukiukwaji, udharura na masilahi ya umma, na anayetaka ushahidi huo upokelewe ndiye mwenye mzigo wa kuishawishi. Kwa hiyo wakili apinge pale hati ya ukamataji mali au simu inapotolewa kama kielelezo. Asingoje majumuisho, yaani hoja za mwisho baada ya ushahidi wote.