Kuhama Lightroom: nini husafiri na nini hubaki

Swali: Mwalimu, hujambo? Ninapiga picha za harusi, ruracio (sherehe ya mahari) na mahafali hapa Nairobi, na studio yangu iko Kasarani. Tangu 2017 nimetumia Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, na sasa nina picha za RAW (faili ghafi za kamera) kama 60,000 kwenye diski moja ya nje. Malipo ya kila mwezi kwa dola yananilemea, hasa miezi ambayo kazi ni chache. Nimeweka programu nyingine mbili za picha, darktable na digiKam, kwenye laptopu, lakini picha ya kwanza niliyofungua ilitokea imefifia kama ambayo sijawahi kuigusa. Je, kazi yangu ya miaka yote imepotea? Nihame vipi?

Jibu: Sijambo, dada. Hakuna kilichopotea, ila usifute wala kuhamisha folda yoyote mpaka umalize kusoma.

Lightroom haiigusi picha yako ya RAW. Unapoinua mwangaza au kukata ukingo, inaandika maagizo tu kwenye kataloji yake, ile faili inayoishia na .lrcat, kisha inayatekeleza kila unapoifungua picha. Ni kama fundi wa nguo anayeandika vipimo kwa alama zake mwenyewe. Mpelekee fundi wa pili kitambaa kilekile na daftari lilelile, naye ataanza kupima upya. Ndicho ulichokiona: darktable iliikuta RAW kama ilivyotoka kwenye kamera. Huenda hata uliona kijipicha kizuri kwanza, kisha kikabadilika ulipofungua. Kile cha kwanza ni JPEG ambayo kamera huifungasha ndani ya RAW; cha pili ni hesabu ya programu yenyewe.

Kwa hiyo mzigo wako una sehemu tatu: picha zenyewe, maelezo kuhusu picha (nyota, tagi, majina ya wateja, maelezo ya chini), na uhariri. Picha huhama zote. Maelezo huhama ukiyatoa kwenye kataloji kwanza. Uhariri hauhami, na hapo ndipo wengi hupoteza miezi wakitafuta njia isiyokuwepo. Ni kweli darktable hujaribu kusoma baadhi ya mipangilio ya Lightroom, kama ukataji na mwangaza, na Capture One, programu nyingine ya uhariri, inaweza kuingiza kataloji ya Lightroom pamoja na marekebisho machache ya msingi. Lakini rangi za ngozi hazitatoka vilevile, na barakoa ulizochora usoni, yaani sehemu ulizotenga ili kuzihariri peke yake, usizitarajie. Kwa kazi ya mteja usitegemee hilo hata kidogo.

Anza na nakala. Umesema diski moja, na hilo linanitia hofu kuliko suala la programu. Picha 60,000 za megabaiti 25 hivi ni kama terabaiti 1.5. Nunua diski ya pili leo. Ukinakili kupitia tundu la USB 2, kwa mwendo wa megabaiti 35 kwa sekunde, utahitaji takriban saa 12. Kwa USB 3 na diski ya kawaida inayokwenda megabaiti 110, ni saa 4 hivi. Kwa jinsi stima inavyopotea, tofauti hiyo ni kubwa. Laptopu iwe imechajiwa vizuri, na kama diski yako ina waya wake wa umeme, ichomeke kwenye UPS. Nakili folda za mwaka mmoja mmoja ili ikikatika ujue ulipofikia.

Sasa maelezo. Ndani ya Lightroom, chagua picha zote za folda moja kisha bonyeza Ctrl na S. Lightroom itaandika nyota, tagi na maelezo kwenye faili ndogo ya pembeni yenye jina lilelile la picha, ikiishia na .xmp. Kwa JPEG, TIFF na DNG huyaandika ndani ya faili yenyewe. Nenda folda kwa folda. Ukichagua zote 60,000 kwa pamoja utakaa ukitazama mstari usiosogea. Kwa picha mpya, washa kwenye mipangilio ya kataloji chaguo linaloitwa “Automatically write changes into XMP”.

Lakini kuna vitu XMP haivibebi, na hapa naomba uende polepole. Mikusanyiko (Collections) uliyotengeneza haiendi. Nakala pepe, yaani picha moja uliyoihariri kwa rangi na pia kwa nyeusi na nyeupe, haziendi. Bendera za kuchagua na kukataa pia usizitegemee. Mimi nilijifunza hili vibaya: nilimhamishia mwenzangu kazi za mwaka mzima alizokuwa amezichambua kwa bendera tu. Zilipofika upande wa pili, picha nzuri na zile za watu waliofumba macho zilikuwa zimechanganyika, wala hakuna alama iliyozitenganisha. Ilibidi turudi kwenye kataloji ya zamani tuanze tena, na nilimwonea huruma sana, kwa sababu kuchambua ndiyo kazi inayomaliza macho.

Kwa hiyo kabla ya Ctrl na S, chuja picha zenye bendera uzipe nyota tatu, au tagi kama “imechaguliwa”. Kila mkusanyiko, fungua, chagua picha zote, uzipe tagi yenye jina la mkusanyiko huo. Nakala pepe zitoe (Export) kama faili kamili. Alama za rangi nazo huandikwa kama neno, si kama rangi. Ukiwa ulibadilisha “Red” kuwa “Albamu”, programu nyingine itaona neno ambalo haina rangi yake.

Kuhusu uhariri, jiulize ni picha zipi utawahi kuulizwa tena. Bibi harusi wa 2019 akirudi, atataka picha zilezile alizopewa, si RAW mpya. Zile ulizokwisha kukabidhi, zitoe kama JPEG za ubora wa juu kabisa, uziweke kwenye folda ndogo kando ya RAW zake. Kazi zako bora, zile unazoonyesha wateja wapya, toa TIFF ya biti 16, aina ya faili inayobeba rangi nyingi kuliko JPEG. Lakini chagua kwa mkono: TIFF moja ya megapikseli 24 isiyobanwa ni megabaiti 144, kwa hiyo picha 1,000 zinakula gigabaiti 144. Zilizobaki ziache zikae kama RAW.

Kisha kazi mpya ndiyo ianzie kwenye programu mpya. Sikushauri uhamishe miaka yote kwa wikendi moja. Chukua ruracio moja iliyokwisha kulipwa, picha kama 400, uitumie kujifunza. digiKam ishike upangaji, darktable ishike uhariri. Kwenye mipangilio ya metadata (maelezo ya picha) ya digiKam ruhusu isome faili za pembeni, na kwamba majina ya faili hizo yafuate mtindo wa programu za kibiashara, kwa sababu Lightroom huandika IMG_0412.xmp, wakati darktable yenyewe huandika IMG_0412.CR2.xmp. Utaona faili mbili kando ya picha moja. Usifute yoyote, kwani kila moja ina bwana wake.

Halafu hesabu. Lightroom ikikuambia folda ina picha 87 za nyota tano, digiKam nayo iseme 87. Ikisema 84, tafuta hizo tatu kabla ya kwenda folda inayofuata. Mara nyingi utakuta ni nakala pepe.

Sasa ile picha iliyofifia. Katika darktable, fungua picha ya familia uliyopiga ndani ya ukumbi, yenye gauni jeupe na nyuso nyeusi zilizokaa mbali na dirisha. Tumia moduli (kifaa cha uhariri) ya sigmoid, iliyomo tangu toleo la 4.2. Anza na moduli ya “exposure”: inua mwangaza ukitazama shavu la mama mwenye shughuli, si gauni. Endelea mpaka ngozi ipate ule weusi wake wenye uhai, hata kama gauni linaonekana kuzidi. Sigmoid itazibana sehemu angavu polepole, na nyuzi za gauni zitabaki ikiwa kamera ilizinasa. Ukianza kwa kuokoa gauni, kama wengi tulivyozoea, nyuso zitageuka kijivu na utailaumu programu. Ukipata sura unayoipenda, ihifadhi kama mtindo uitumie kwenye picha zote za ukumbi huo.

Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 8 itafanya kazi, ingawa 16 ni raha zaidi. Moduli za kupunguza chenga, zile nukta za picha za gizani, ni nzito. Bila kadi ya michoro inayokubali OpenCL (njia ya kuipa kadi hiyo hesabu za programu) utasubiri. Ziwashe mwisho, wakati wa kutoa picha.

Kuhusu malipo, angalia kwanza mkataba wako. Ule wa mwaka unaolipwa kila mwezi una ada ya kuuvunja kabla ya muda, kwa hiyo subiri tarehe ya kuhuishwa ikaribie. Hata usajili ukiisha, Lightroom Classic haitakufungia nje: utaendelea kufungua kataloji, kuona picha zako na kuzitoa na uhariri wake wa zamani. Kinachozimwa ni sehemu za Develop na Map. Kwa hiyo iache kwenye laptopu, na ile faili ya .lrcat iwe kwenye diski zote mbili. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, ambayo fundi wa kompyuta anaweza kuisoma hata bila Lightroom, siku ukigundua kuna jina la mteja ambalo halikuvuka.