Unga wa Nusu Bei: Jibu kwa Kijana wa Uvira

Kijana mmoja mwenye duka huko Uvira, mashariki mwa Kongo, ameniandikia akiuliza kama ni vibaya kununua unga unaouzwa nusu ya bei ya jumla, ilhali asipoununua yeye ataununua jirani. Swali hilo nalifahamu vizuri.

Februari 2025, jeshi la serikali lilipoondoka mjini kwetu Bukavu na waasi wa M23 kuingia, maghala mengi yalivunjwa, yakiwemo ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo liliporwa takriban tani 7,000 za chakula cha watu walioathiriwa na vita. Haukupita muda, unga na mafuta ya kupikia vililetwa hadi mlangoni pa duka langu, unga wenyewe ukiwa tayari umehamishiwa katika magunia yasiyo na chapa. Nilikataa. Wafanyabiashara wenzangu wa Kadutu, hapa Bukavu, waliojaza stoo zao walinicheka na kuniita padri, na mmoja wao leo ana maduka mawili. Sitasema kwamba haliniumi.

Ndugu yangu, uliza mzigo umetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Anayeuza chini ya gharama ya kununua Kamembe, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, bila hata kuhesabu usafiri na ushuru, ama anafilisika ama hakuununua mzigo huo, na mfanyabiashara anayefilisika hakosi kuwa na risiti za alikonunua.

Utasema kwamba nami si msafi, kwa kuwa ushuru ninaolipa mpakani Rusizi unawaendea walioushika mji kwa bunduki. Ni kweli, wala silifurahii. Naulipa kwa sababu nisipoulipa nafunga duka na mtaa unakosa chumvi, na kila malipo nayaandika daftarini pamoja na tarehe. Lakini hakuna askari aliyenilazimisha kununua chakula cha wakimbizi, wala aliyewaamuru wenye dola taslimu kuwakata waliohitaji fedha mkononi kamisheni kubwa mabenki yalipofungwa. Tusiitwishe vita mizigo tuliyojitwika wenyewe kwa tamaa, kisha Jumapili tukaenda kuomba amani.

Jirani yako ataununua kweli, tena atauza haraka, na wateja wako watahamia kwake kwa muda, kama wangu walivyohama. Kwa hiyo usishindane naye katika unga. Punguza oda yako ya unga kwa sasa, na fedha zako uziweke kwenye sabuni, betri na bidhaa nyingine ambazo hazikuwamo katika maghala yaliyoporwa.