Nina figo za urithi, je naweza kubeba mimba?

SWALI: Habari dokta, mimi ni mdada wa miaka 29 naishi Mafinga. Mama alifariki kwa figo na mjomba nae sa hivi anasafishwa damu. Nilipiga ultrasaundi nikaambiwa figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji, ni ugonjwa wa ukoo. Presha ninayo pia natumia losatani. Mume anataka mtoto ila shangazi yake anasema nikibeba tu nitamfuata mama, wengine wanasema ukoo wetu umerogwa. Nifanyeje?

JIBU: Pole dada, na pole kwa hayo maneno pia. Kurogwa hakuna, ni jeni yenye hitilafu, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana asilimia 50 ya kuirithi awe wa kike au wa kiume, ndo maana imempata mama na mjomba.

Sasa kuzaa. Wanawake wengi wenye figo hizi wanajifungua vizuri tu, kinachoamua ni figo zako zinachujaje leo na presha inasoma ngapi, sio huyo shangazi. Kwa hiyo kabla hujaacha uzazi wa mpango nenda hospitali ya rufaa Iringa au ya kanda Mbeya, pima kreatinini kwenye damu, yaani taka ambazo figo huzichuja, na protini kwenye mkojo. Zikiwa sawa na presha imetulia una nafasi nzuri, ila kama figo zimeshashuka sana mimba inaweza kuzishusha zaidi na mtoto akazaliwa njiti, hapo mkae na mume na daktari muongee ukweli.

Kinachonitisha kwenye barua yako ni hiyo losatani. Hiyo na wenzake enalaprili na kaptoprili zinaharibu figo za mtoto tumboni na kukausha maji ya uzazi, lakini usiiache kienyeji ukabaki na presha juu, mwambie daktari unataka mimba akubadilishie, kuna methildopa, kuna nifedipini, hizo wajawazito wanatumia miaka yote. Muulize na aspirini ya dozi ndogo, huwa inaanzwa kwenye wiki ya 12 kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, maana nyie wenye figo hizi mko karibu nacho kuliko wengine. Diklofenaki za dukani kwa ajili ya mgongo achana nazo, na miti shamba ya kuongeza uchungu ndo kabisa.

Ukishashika mimba kliniki usisubiri mwezi wa tano, anza mapema, presha ipimwe kila ukienda na mkojo uangaliwe maambukizi hata kama hauwashi. Kichwa kikigonga sana, ukiona maluweluwe, au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo, usijiambie ni vifuko tu vinauma.

SWALI: Dokta mwenye hizo figo ni mume wangu, mimi niko Tukuyu na mimba ya miezi minne, itanidhuru?

JIBU: Hapana mama, wewe figo zako hazihusiki, hudhuria kliniki kama kawaida. Mtoto ndo ana hiyo asilimia 50. Na baba je, presha yake anapima?