Kontrola imeanguka, pacha wake ameshika, mbona seva zimeganda?

Maswali ya wasomaji na majibu ya fundi

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nipo Unguja mjini, naangalia seva za ofisi moja hapa. Tuna storeji ya faiba (kabati la diski ambalo seva zinalifikia kwa mtandao wa Fibre Channel) yenye kontrola mbili, yaani bongo mbili zinazoiendesha, moja ikianguka nyengine inashika kazi zote. Majuzi tumefanya apdeti, kontrola ya kwanza ikajizima, ya pili ikasema imeshashika, skrini yote kijani. Lakini seva mbili za databesi ziliganda palepale mpaka ya kwanza iliporudi, na seva nyengine zote zilikuwa nzima hazina habari. Aliyetufungia anasema storeji haina kosa, tatizo ni seva. Kweli hiyo? (Msomaji, Mlandege)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usianze na seva, anza na waya. Hiyo kijani ya kwenye skrini maana yake kontrola mbili zimeelewana wenyewe kwa wenyewe, basi, haikwambii kitu kuhusu seva zako kama zinafika au hazifiki.

Kwenye faiba kila poti ina jina lake, WWN, herufi na namba 16, na seva inaitafuta storeji kwa jina hilo. Sasa ziko storeji ambazo kontrola ikifa, poti ya pacha wake inalibeba jina la ile iliyokufa juu ya jina lake, poti moja inaitikia majina mawili, HPE 3PAR wanafanya hivo na wanaita Persistent Ports, na swichi lazima iwe imewashwa NPIV, yaani ruhusa ya poti moja kubeba majina zaidi ya moja, la sivyo inalikataa hilo jina la pili. Ni kama laini ya simu, simu imekufa unaitoa laini unaitia kwenye simu nyengine, anaekupigia hajui kama umebadilisha kitu. Ila ukiitia laini kwenye simu iliyoko pahala hapana mnara, atapiga mpaka achoke.

Na nadhani hapo ndo mlipokwama. Jina halihamii popote tu, linakwenda kwa poti pacha, yaani yenye nafasi ileile kwenye kontrola ya pili, 0:1:1 pacha wake ni 1:1:1, namba ya mwanzo ndo kontrola. Mafundi wengi wanafunga kontrola ya kwanza yote swichi ya kwanza, kontrola ya pili yote swichi ya pili, wanaona ndo usalama wenyewe, na raki ukiitizama inapendeza kweli. Kumbe kontrola ya kwanza ikianguka jina lake linazukia swichi ya pili, na seva yenye waya swichi ya kwanza tu inaita haijibiwi. Zile seva zako zilizosalimika naamini zina waya kwenye swichi zote mbili, zikapita upande wa pili. Hizo mbili zilizoganda ama zina waya mmoja, ama zina miwili lakini zoni, yaani orodha ya kwenye swichi inayosema nani anaruhusiwa kumuona nani, imeandikwa upande mmoja.

Chukua tochi uende nyuma ya raki, usiiamini lebo, ushike waya kwa mkono uufuate mpaka mwisho. Kila kontrola ifike swichi zote mbili, na poti pacha ziwe kwenye fabriki moja, yaani mtandao mmoja wa swichi. Halafu tizama zoni zimeandikwa vipi, zikiwa zimeandikwa kwa namba ya tundu la swichi, jina likihama zoni inabaki pale pale haimfuati mtu, kwa hiyo ziandike kwa WWN.

Na uliza storeji yako ni ya aina gani khasa, mana si zote zinahamisha majina. NetApp kwa mfano kwenye faiba hazihamishi kitu wakati wa kushikiana, seva yenyewe inatakiwa ijue njia zote na ipite ile iliyo hai, hapo multipath, programu ya seva inayosimamia njia zote za kwenda kwenye diski, ndo roho ya kazi. Kwenye Linux andika multipath -ll, lazima uone njia za kontrola zote mbili, ukiona za moja tu basi hata kabla hakijaanguka kitu wewe huna ulinzi. Fanya kabla ya apdeti na urudie seva zote, si moja ya mfano. Seva kusita kidogo wakati wa kuhama ni kawaida, Linux inaisubiri diski sekunde 30 kabla haijalalamika, katika hizo sekunde usichomoe kitu.

SWALI: Sisi storeji yetu ni ya NFS, seva zinafungua mafaili yake kupitia mtandao wa kawaida. Kontrola ikishikwa na mwenzake anwani ya IP inahama, naiona imehama, lakini seva hazifiki. (Msomaji, Wete)

JIBU: Dada yangu, hapo tizama VLAN kwanza, yaani vile vipande swichi inavyougawa mtandao. Anwani ikihama, kontrola mpya inatangaza kwenye mtandao kuwa sasa anwani hii iko kwangu, na kama tundu lake la swichi halijawekwa VLAN ileile, tangazo hilo halifiki kwa yeyote. Ikiwa zinafika ila baada ya nusu dakika hivi, angalia spaning tree, ile kinga ya swichi ya kuzuia data isizunguke bila mwisho, ya zamani inalizuia tundu lililowaka sekunde 15 mara mbili, washa portfast, inayolifungua tundu bila kusubiri, kwenye tundu za storeji tu.

SWALI: Kontrola ikipona, irudishiwe kazi zake yenyewe au kwa mkono? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Kwa mkono, na kwa huko kwenu Pemba sitobadilisha neno. Umeme unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, ukikatika ukarudi ukakatika tena, kontrola iliyowekwa kujirudisha itahamisha poti kwenda na kurudi na kila safari seva zinasita, databesi inaweza kuchoka katikati. Acha pacha abebe, hakikisha umeme umetulia na kila seva inaziona tena njia za upande uliopona, halafu rudisha.