Kwa Vijana wa Tanga Mnaoingia Katika Uigizaji

Mwigizaji ambaye kijana wa mji huu hana budi kumsoma kabla ya wengine ni Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la King Majuto. Alizaliwa hapa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani mwaka 1958 akiwa bado mtoto, na akaendelea kuchekesha watu mpaka maradhi yalipomlaza. Alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, akarudishwa nyumbani Tanga kuzikwa. Hiyo ni miaka 60 ya kazi, iliyopitia jukwaani, kwenye kanda za video, diski, televisheni na matangazo ya biashara. Wengi wanaonijia huniuliza namna ya kupata nafasi mbele ya kamera. Mimi hupenda wajiulize kwanza mtu anadumuje muda wote huo, kwa sababu nafasi moja hupatikana hata kwa bahati, lakini ya pili na ya ishirini hazipatikani hivyo.

Kumbukeni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kizazi cha Majuto kiliikuta kamera kikiwa kimekwisha kukomaa mbele ya watu walio hai, na watu hao ndio waliokifundisha kazi. Ukichekesha jukwaani, unajifunza kunyamaza mpaka kicheko kianze kupungua ndipo useme neno linalofuata. Ukiwahi, neno lako linazama, na ukichelewa, ukumbi unapoa. Katika seti hakuna anayecheka, maana mtu wa sauti amekataza hata kikohozi, hivyo mwigizaji ambaye hajawahi kusimama mbele ya hadhira hana kipimo chochote cha kumwongoza. Ndiyo maana nawasihi mtafute jukwaa kabla ya kutafuta filamu: michezo ya shule, maigizo ya kampeni za afya, sherehe za mtaani, popote palipo na watu wanaoweza kuondoka wakichoshwa. Anayeweza kujipanga na aende Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kinafundisha uigizaji pamoja na ngoma na muziki, na ambako tamasha la kila mwaka humpa mwanafunzi hadhira ya wageni wasiomjua na wasio na sababu ya kumpigia makofi ya huruma.

Jambo la pili ni lugha. Katika vichekesho vyetu mtayarishaji mara nyingi huja na kisa tu, na maneno huyatoa mwigizaji mwenyewe papo hapo, kwa hiyo asiye na akiba ya maneno hubaki akipiga kelele na kukunja uso. Inaniuma kuona kijana aliyekulia Ngamiani, hapa hapa Tanga, akijilazimisha kusema kama mtu wa Dar es Salaam ili aonekane wa kisasa, ilhali bibi yake anajua mafumbo, tafsida na maneno ya kanga ambayo mwandishi wa skripti angeyalipia. Kaeni na wazee, wasikilizeni Wadigo, Wabondei na Wasambaa wanavyokizungumza Kiswahili, kisha mwigeni mtu kwa namna anavyofikiri, maana lafudhi peke yake huchosha baada ya dakika mbili.

Kuhusu kamera yenyewe, mengi mtayapata kazini. Sauti hupunguzwa, macho hufanya kazi zaidi ya mikono, na kwa kuwa tukio moja hupigwa mara kadhaa kutoka pembe mbalimbali, lazima ukumbuke ulishika kikombe kwa mkono upi na ulikaa kwa neno lipi.

Sasa nije kwenye mkataba, ambako ndiko ninakowahofia zaidi. Mwaka 2018, mzee wetu Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba yake ya matangazo lilifika mpaka kwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, na nchi ikaanza kujadili kwa sauti jinsi wasanii wanavyolipwa. Kama mtu wa umaarufu ule aliweza kufikia hapo, kijana anayekubali kazi kwa simu yuko hatarini zaidi. Sura na sauti yako ndiyo mali unayoiuza, na tofauti na samaki wa pale sokoni Deep Sea, mali hii ikishauzwa huendelea kutumika mwaka baada ya mwaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji kuwa na haki katika maonyesho yao, lakini sheria haiwezi kukurudishia ulichokitia saini kwa hiari yako.

Kwa hiyo, kabla hujasaini, tafuta katika karatasi ile maneno yanayosema tangazo litarushwa kwa muda gani, katika vituo gani na nchi zipi, kama picha yako itawekwa pia kwenye mabango na mitandao, na utalipwa nini muda ukiongezwa. Pakiandikwa kwamba wanaweza kuitumia picha yako milele na popote, omba paandikwe miaka. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu, na asiyekubali amekuonyesha mapema anachokusudia. Malipo ya awali yapokelewe kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, na salio litajwe kwa tarehe, kwa kuwa ahadi ya kulipwa filamu ikishauzwa haina siku. Usione haya kumpelekea mwanasheria, au hata mwalimu unayemwamini, akusomee. Mkishasaini, usikubali kuambiwa kwamba nakala yako utatumiwa baadaye: ondoka nayo siku hiyo hiyo, ikiwa na saini za pande zote mbili.